Matairi Yaliyoko Nyuma ya Banda la Mbuzi

Mbonea, baba,

Barua hii utaikuta kesho juu ya kiti cha dereva, na najua utacheka kabla hujaifungua, maana mama yako ni mtu wa kusema, si mtu wa kuandika. Ningekuambia kwa mdomo kama ningeweza. Tangu juzi najaribu, na kila nikifungua mdomo yanatoka mengine: soksi zako zimekauka, shati lile kifungo kimelegea, mchungaji umeshamuaga? Sasa umeshuka kwa mjomba wako, na ninavyomjua mjomba wako hatakuachia mpaka umalize sufuria nzima ya makande. Nimepata nafasi. Nimekaa mezani na kalamu yako ya shule, nimevaa miwani, najiona karani.

Mambo ya kula na kulala sitayagusa. Wewe ni mtu mzima, ukishikwa na njaa huko Lembeni unakokwenda kubeba mizigo utatafuta mwenyewe wanakouza chakula. Nataka kukujibu swali lako la jana.

Uliniuliza tukiwa tunakula. Ulisema, "Mama, kabla sijaondoka nivalishe yale matairi makubwa yaliyoko nyuma ya banda la mbuzi? Njia za kutoka Lembeni kupanda juu wanasema ni mbaya." Nikakuambia ule kwanza. Ukala. Ukauliza tena, nikainuka nikaenda kutazama chai ambayo hata sikuwa nimeibandika. Ukaniangalia kwa macho ya baba yako. Nilikaa jikoni nikiona aibu mbele ya mafiga yangu mwenyewe.

Ningekujibu hapana, ungetaka kujua sababu, nami ningesema mafuta, kama nilivyosema ile mara ya kwanza uliponiuliza mbona nimeyavua. Nilikudanganya siku ile. Yanakula mafuta kweli, lakini siyo yaliyofanya niyavue. Sasa unaondoka na gari, ni lako, utalipeleka kwa fundi unayemtaka na utalivalisha unachotaka. Kabla hujafanya hivyo nataka ujue mimi nilifanya nini nalo.

Unajua pikapu ilikuwa ya baba yako. Usilolijua ni jinsi ilivyokuwa karibu kuuzwa. Alipofariki ulikuwa darasa la tatu, na baba zako wadogo walikaa sebuleni humu wakakubaliana iuzwe, wakawa wanajadili tu nani atafute mteja. Mimi nilikuwa chini kwenye mkeka na khanga kichwani, sina la kusema. Aliyesema ni bibi yako. Alitokea jikoni akasimama mlangoni, akawauliza wanawe kwa Kipare, kwa upole kabisa, "Kwani huyu hana mikono?" Wakadhani anatania. Akawaambia, "Gari hili litaendeshwa na mke wa mwanangu. Mkiliuza, muuze na mimi."

Mama mkwe wa namna hiyo wengine wanamsikia tu kwenye hadithi. Nilipokuwa najifunza kuendesha ndiye aliyekuwa anakaa kando yangu, ameshika dashibodi kwa mikono miwili, anasali kwa sauti toka tunatoka uani mpaka tunarudi. Nikizima gari kwenye mlima anasema, "Washa tena, Mungu bado yupo." Sijui kama niliwahi kumshukuru sawasawa. Nilikuwa namletea sukari na vitenge kutoka Same, nikadhani inatosha.

Basi nikawa dereva. Nikishuka na tangawizi na ndizi, nikipanda na saruji, unga na watu. Kule stendi ya Same, pale tunapopakua, nilikuwa mwanamke peke yangu mwenye usukani. Wenzangu hawakuwa watu wabaya, nisiwasingizie. Walinisaidia kufungua nati zilizogoma, walinishikia nafasi kivulini. Lakini utani wao, we acha. Pikapu hii ilivyotoka kiwandani, ikiwa haina mzigo, nyuma iko juu na pua iko chini. Wakaipa jina, wakaiita Inama. Nikiingia tu mtu anapaza sauti, "Inama huyo, mpisheni, ameangusha sindano." Nilikuwa nacheka nao. Nikifika nyumbani nilikuwa sicheki.

Siku moja ikaja pale pikapu ya watu wa mradi fulani. Imenyanyuliwa mbele, imekaa sawasawa kuanzia pua mpaka mkia, na chini yake matairi mapana yenye meno. Watu wakaizunguka. Dereva wake alikuwa kijana mdogo tu, anaingiza gia kwa kelele, lakini hakuna aliyemtania. Nikasema moyoni, kumbe dawa ndiyo hii.

Nikaenda kwa fundi Athumani, gereji yake iko nyuma ya stendi. Akanieleza kwamba tunaweka spesa, vyuma vya duara, juu ya springi za mbele, pua inapanda, gari linakaa sawa. Akachukua futi kamba akapima mbele, akapima nyuma, gari likiwa tupu. Likiwa tupu, Mbonea. Hilo neno nimelirudia kichwani miaka yote hii. Gari letu huwa tupu saa ngapi? Linashuka limejaa, linapanda limejaa. Tulilisawazisha kwa ajili ya ule muda mfupi ninaokaa stendi natazamwa. Lilipopakiwa magunia, nyuma ikakaa chini na pua ikatazama juu, taa zikawa zinamulika matawi ya miti na kuwapiga machoni wanaokuja, na usukani ukawa mwepesi, ule wepesi ambao mkono haupendi. Mafundi wawili watatu waliniambia baadaye kwamba wao hupima gari likiwa na mzigo wake wa kila siku. Mimi sikuuliza, na Athumani hakuuliza, maana nilimwonyesha wazi kwamba nina haraka ya kupendeza.

Hata hivyo spesa peke yake isingeniponza sana. Shida ni kwamba pua ilipopanda, tairi la kiwandani likaonekana dogo chini ya madigadi, kama mtoto aliyevaa koti la babake. Athumani akaniuliza, "Mama Mbonea, tuweke saizi gani sasa?" Tairi letu lilikuwa limeandikwa ubavuni mia mbili sitini na tano kwa sabini, rimu ya kumi na sita. Akasema tunaweza kupanda hatua moja, sitini na tano ileile kwa sabini na tano, litajaza nafasi vizuri na halitagusa kitu. Akasema pia analo mia mbili themanini na tano kwa sabini na tano, hilo ni kubwa kwelikweli, itabidi akate plastiki za ndani ya madigadi, na bado hajui kwenye kona kali itakuwaje.

Unajua nilivyochagua? Yalikuwa yameegemezwa ukutani. Nikasimama kando ya lile la kwanza, nikajitazama. Nikasimama kando ya lile kubwa, nikajitazama tena. Likanikaribia kiunoni. Nikasema, "Hilo." Ndivyo mama yako alivyochagua tairi, kama anayechagua gauni. Wala sikunyanyua kichwa kuutazama mlima ninaoupanda kila siku, na unaonekana kutoka pale gereji, huhitaji hata kusimama.

Nikanunua manne. La spea nikaliacha lile la zamani, eti nitanunua baadaye. Kwa hiyo tairi likipasuka ningebaki na mguu mmoja mfupi, lakini hilo nalo lingenisumbua nini, wakati jina la Inama lilikufa siku hiyohiyo. Nilipoingia stendi walisimama kunitazama. Kisha mmoja akapiga makofi, na wote wakapiga. Nilishuka kwenye gari kwa kuruka, maana lilikuwa juu, na nilivyoruka nilijiona msichana. Siwezi kukudanganya, ilikuwa raha.

Nyumbani bibi yako alilizunguka gari, akagonga tairi kwa fimbo yake. Akauliza, "Na mimi nitapandaje?" Nikamwambia nitamwekea kigoda. Nilimwekea kweli, kile kilichoko jikoni mpaka leo. Alikipanda mara chache, kisha akawa anasema hana safari.

Kasoro zilianza kujitokeza mapema, na mimi nikawa najifanya sizioni. Mlima niliokuwa naupanda kwa gia ya tatu nikawa naupanda kwa ya pili, injini inalia. Kushuka ndiyo kulikuwa kubaya zaidi. Zamani ukiweka gia ya pili gari linajizuia lenyewe mpaka tambarare, lakini kwa matairi yale lilikuwa linavuta, mguu hautoki kwenye breki, na nikifika chini nanusa harufu ya kuungua. Kwenye barabara kuu trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo alinisimamisha nikamwapia kwamba mshale haukuvuka hamsini, na kweli haukuvuka, ila tairi kubwa linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko na mshale haujui. Na ile kona ya Jiwe Jekundu, ambayo baba yako alikuwa anaikata mara moja huku anamenya chungwa, mimi nikawa siimalizi. Nikikunja usukani wote, tairi linasugua madigadi, linakwaruza kama mtu anayekuna sufuria. Ikabidi niende mbele, nirudi nyuma, niende tena.

Lakini mahali pengine pote lilikuwa linapita. Tope, mawe, mifereji, lilikuwa linapita. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Wewe umekulia msaragambo, sina haja ya kukueleza. Mwenyekiti anapita jioni akitangaza, asubuhi kila kaya inatoa mtu na jembe lake, tunafukia mashimo, tunazibua mitaro, basi barabara inatufikisha msimu mwingine. Wenye magari tunasomba mawe na changarawe. Baba yako hakuwahi kukosa, na mimi miaka yangu ya kwanza sikukosa. Nilikuwa naijua barabara ile yote, pale panapotoka maji, pale panapoteleza, nani alichimba mtaro gani. Nilikuwa naijua kwa sababu nilikuwa naiogopa.

Baada ya yale matairi sikuiogopa tena. Mara ya kwanza niliyokosa msaragambo nilikuwa na mzigo kweli. Mara ya pili nilikuwa na mzigo kidogo. Baadaye nikawa natoa faini tu, nainyoosha dirishani bila hata kuzima injini, nawapungia mkono wenzangu walioinama na majembe, napita. Walikuwa wanajisogeza pembeni. Kuna waliokuwa wanasema, "Safari njema, Mama Mbonea." Niliona ni heshima.

Na kumbe tairi lile lenye meno linalima. Wakati wa mvua, udongo wetu mwekundu ukiwa laini, kila nilipopita na mzigo nilikuwa nachimba. Pale chini kidogo ya Jiwe Jekundu, nilipokuwa nakwenda mbele na kurudi nyuma, nikachimba mara tatu. Yakatokea makorongo mawili. Mimi nilikuwa natembea ndani yake bila wasiwasi, tumbo la gari langu liko juu. Bodaboda wakawa wanashusha abiria pale. Mwalimu Kajiru, mwenye kile kigari kidogo cheupe, aliniambia mara moja baada ya ibada, "Mama Mbonea, pale kwenye kona pamekuwa pabaya." Nikamwambia, "Mwalimu, nyanyua gari lako na wewe." Akacheka. Mwalimu ni mtu mstaarabu.

Sasa siku yenyewe. Wewe ulikuwa kidato cha pili, uko bweni, na ulichoambiwa ni kwamba bibi aliugua ghafla na mvua ilikuwa imekata njia. Hivyo ndivyo sote tulivyokuambia.

Ilikuwa siku ya msaragambo na hakukuwa na mvua. Ilikuwa imenyesha wiki iliyopita, kisha jua likawaka. Asubuhi nilipakia tangawizi. Mimi na bibi yako tulisemezana kidogo hapo uani, nitakuambia mwishoni tulisema nini, sasa hivi mkono haujataka. Nikashuka Same. Nikauza mapema, ningeweza kurudi mapema. Sikurudi. Nilipeleka gari likaoshwe, nikakaa kwenye benchi na soda nikitazama vijana wanavyosugua yale matairi yangu kwa brashi mpaka yakang'aa.

Mwalimu akapiga simu. Alisema, "Mama Mbonea, uko wapi?" Nikasema Same. Akasema, "Basi. Mama ameanguka. Tunamleta wenyewe kwa kigari changu."

Bibi alikuwa ametoka kuwafuata wenzake barabarani, akaanguka hapo kwenye mgomba wa kwanza, na Mwalimu alipomkuta baadaye upande mmoja wa mwili ulikuwa umelegea, mdomo umepinda. Mwalimu akambeba na mkewe, wakamlaza kiti cha nyuma. Wakafika Jiwe Jekundu. Kigari kikaingia kwenye makorongo yangu, tumbo likakaa juu ya tuta la katikati, magurudumu yakabaki yanazunguka hewani. Watu wa msaragambo walikuwa mbali chini wakaitwa, wakapanda mbio na majembe yao. Walijaribu kuchimba chini ya gari. Udongo ulikuwa umekauka, mgumu kama tofali. Mwisho wakaacha gari, wakatengeneza machela kwa miti na makoti, wakambeba mabegani. Wale wale niliokuwa nawapungia mkono dirishani. Walimbeba kwa zamu mpaka barabara ya chini, huko wakasimamisha gari la watu.

Niliwangojea hospitali mpaka wakamfikisha. Alikuwa hai, amefumbua macho, ananitazama. Daktari alikuwa kijana mpole, hakunilaumu. Alisema tu kwamba maradhi yale yanataka kuwahi, na kwamba angefika mapema zaidi labda mkono na ulimi vingerudi. Alisema labda. Hilo labda ninalo mpaka leo, wala siwezi kulipeleka popote.

Kesho yake nilipanda na gari langu safi. Kigari cha Mwalimu kilikuwa bado kiko pale, kimekalia tumbo. Nikashuka. Kwenye kuta za korongo, pande zote mbili, ulikuwa umechorwa mchoro wa tairi langu, kila jino, umekauka vizuri kabisa. Ungeweza kusoma jina la kampuni. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye jiwe anasubiri watu wa kumsukuma. Nikamwambia, "Mwalimu." Akainuka haraka, akasema, "Hata usiseme kitu, mama. Ni mvua ile ya wiki iliyopita." Alikuwa ananihurumia, nami nikaipokea huruma yake kwa mikono miwili. Nikasema, "Mvua kweli imetutenda." Mbonea, nimefanya mambo mengi ya kijinga, lakini sentensi hiyo ndiyo inayonichoma kuliko yote. Mwalimu aliona ule mchoro kabla yangu. Alikuwa amekaa nao tangu alfajiri.

Ungedhani niliyavua matairi siku hiyo. Sikuyavua. Niliyaendesha karibu mwaka mzima tena. Nilianza kwenda msaragambo, ndiyo, nikasomba mawe kuliko mtu yeyote, lakini kwa matairi yaleyale. Nilikuwa naona nikiyavua watu watajua kwamba najua. Na watu walikuwa wanajua toka zamani, mimi ndiye niliyekuwa nimejificha peke yangu.

Bibi yako aliishi, ulimwona. Ulikuwa ukija likizo unamsomea magazeti na yeye anakubonyeza mkono. Mtu aliyekuwa anasema toka jogoo wa kwanza, anayesali kwa sauti ndani ya gari, akawa hana neno. Nilimwogesha, nilimlisha, watu wakanisifu kanisani kwamba mkwe wa namna hii hayupo. Nilikuwa natazama chini. Siku moja nilitaka kumpeleka kliniki, nikamnyanyua nimpandishe garini, na gari liko juu, na yeye mzito upande mmoja, kigoda kikateleza. Tulianguka wote wawili pale chini kwenye tairi. Hakuumia. Tulibaki tumekaa pale, mgongo wangu kwenye lile tairi, yeye kifuani kwangu, na mimi nikalia kwa mara ya kwanza toka siku ile. Akanipapasa kichwa kwa mkono wake mzima. Kesho yake nikashuka kwa Athumani akayavua, akatoa na spesa, akarudisha saizi ya kiwandani.

Ukaja likizo ukaninunia. Ulisema gari limekuwa fupi, wenzako watakucheka. Nikasema mafuta.

Ndiyo habari yenyewe, baba. Sikuandikii ili uogope tairi kubwa. Tairi halina kosa lolote, ni mpira na waya. Huko unakokwenda njia ni mbaya kweli, na huenda ukahitaji kunyanyua pua kidogo. Ukinyanyua, pima ukiwa umepakia, kunja usukani mpaka mwisho kulia na kushoto ukiwa umepakia, umwombe mtu achungulie kama panagusa. Ile hatua moja aliyoniambia Athumani, sabini na tano juu ya upana uleule, ingenitosha kabisa, na ukinunua nunua na la spea. Zaidi ya hapo utajua wewe. Matairi yako palepale, moja kuku ametagia ndani. Ukiyachukua sitakunung'unikia. Nitajua umesoma na umeamua.

Ninachojutia mimi si inchi. Najuta kwamba nilitafuta gari la kunitoa kwenye barabara ya wenzangu, nikalipata.

Sasa lile la asubuhi. Nilikuwa nimeshapanda, injini inanguruma. Bibi yako alitoka na jembe lake begani, umri ule, na kibuyu cha togwa ya kuwapelekea watu. Akaja mpaka dirishani, ikabidi anyanyue uso ili anione. Akasema, "Leo ni msaragambo, na wewe unashuka?"

Nikamwambia, "Mama, mzigo utaharibika. Halafu barabara hainisumbui. Gari langu linapita."

Akanitazama. Hakukasirika, ungedhani anauliza bei ya chumvi. Akasema, "Na sisi wengine?"

Nilitia gia nikaondoka, na kwenye kioo nikamwona anarekebisha jembe begani anaanza kutembea. Hakuwahi kusema neno lingine maishani mwake, kwangu wala kwa mtu yeyote tunayemjua. Nilikuwa namjibu kila siku nikimlisha uji, namwambia mama nisamehe, mama nimekosa, na yeye ananibonyeza mkono, lakini sijui alikuwa ananisamehe au anataka maji.

Jembe lake nimelitia mpini mpya, liko nyuma ya kiti chako. Usilitoe kupisha mizigo. Wakitangaza msaragambo huko juu, hata kama wewe ni mgeni, hata kama hawajui jina lako, zima gari ushuke nalo.

Nasikia sauti yako kwa mbali, unapanda huku unaongea na mbwa. Nakunja karatasi. Ukiingia nitakuuliza kama umeshiba.

Mama yako